Digrii Mbili, Nyuzi Thelathini na Moja

Nianze na kosa langu mwenyewe kabla sijaanza kuwasema watu. Nilibana safu. Ndani ya kompyuta ya ofisi kulikuwa na jedwali la kukokotoa, na kwenye jedwali hilo kulikuwa na safu yenye kichwa kirefu cha Kiingereza kilichomaanisha mwinamo wa kioo, kwa digrii. Kichwa hakikuenea kwenye karatasi ya kuchapia. Nikafuta maneno yote nikabakiza la mwisho, Degrees, ambalo ofisi nzima tulilisoma digrii. Kwa neno hilo moja mimi nilipoteza kazi, na Mkuu wangu akapata safari ya Ulaya.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, enzi za ruksa. Ruksa kuuza mitumba, ruksa kuagiza chochote, ruksa kununua vito kwa wachimbaji wadogo na kuondoka navyo mkobani. Mimi nilikuwa fundi sanifu kwenye maabara ya idara moja ya serikali hapa Dodoma, tukipima mawe na udongo. Idara sitaitaja, maana baadhi yao bado tunapeana amani kanisani. Nilikuwa na cheti cha ufundi na miaka kumi na minne ya kuvuta vumbi la mawe. Digrii sikuwa nayo hata ya kuazima.

Maabara yetu iliishi kwa mashine moja inayoitwa spektrografu. Usitishwe na jina. Ni boksi la giza. Mwanga unaingia kupitia mwanya mwembamba, unapita kwenye lenzi, unagonga kioo kilichochorwa mistari midogo mno, na ile mistari inauchambua mwanga rangi moja moja na kuutandaza juu ya filamu. Kila aina ya madini ikiungua hutoa rangi zake, kwa hiyo ukiisoma filamu unajua jiwe lina nini ndani. Ndivyo tulivyokuwa tukiwaambia wachimbaji kama wameshika kito au kipande cha chupa. Mashine yenyewe ilikuwa ya zamani, imetoka nje, na mwaka huo ikafa kabisa. Tulipoifungua tukakuta panya amejifungulia ndani, na watoto wanaendelea vizuri.

Ndipo wafadhili wakatuletea mtaalamu. Mzungu mrefu, mpole, aliyeomba radhi hata akijikwaa kwenye kiti. Alikuja na kompyuta moja, disketi mbili, na kioo kipya cha mistari chenye ukubwa wa biskuti, mistari elfu moja na mia nane kwa kila milimita. Akatuambia kwenye kikao kwamba mashine mpya hatutaletewa. Tutaitengeneza wenyewe, hapahapa, kwa lenzi za ile ya zamani, na jedwali lililomo kwenye disketi litatusaidia kupiga hesabu. Yeye atarudi baada ya miezi mitano. Akikuta boksi letu linaona rangi, maabara itabaki. Asipokuta, itafungwa, na sisi tuliomo tutaingia kwenye orodha.

Orodha haikuhitaji maelezo. Serikali ilikuwa inapunguza watu, na fomu zilikuwa zinazunguka kila meza: jina, umri, mwaka wa kuajiriwa, digrii. Kwenye digrii mimi niliandika 'sina', nikatazama pembeni nisionekane. Watu walikuwa wanaulizana chini kwa chini, fulani anayo? Anayo, lakini ya nini? Hata mama aliyetupikia chai alikuwa na maoni yake. Mwaka ule neno digrii lilikuwa na maana moja tu Dodoma nzima, na hilo mlikumbuke. Mimi nilijua kitu kimoja: nikishindwa na boksi, narudi Chamwino kwa mama kulima uwele. Na mimi jembe tulishaagana zamani.

Mkuu wetu alikuwa na digrii mbili. Simchongei, mwenyewe ndivyo alivyojitambulisha, hata kwa muuza mkaa. Zote mbili zilikuwa za utawala, na kuhusu mwanga alichokijua ni swichi. Vyeti alivitundika nyuma ya kiti chake, kimoja kulia, kimoja kushoto, yeye katikati kama mtu anayepigwa picha na wazazi wake.

Kompyuta ilipewa chumba chake, na pazia, na feni ambayo sisi binadamu tulikuwa tumeiomba miaka sita. Mke wa Mkuu aliifumia kitambaa cheupe cha kroshia cha kuifunika, na kingine kidogo cha kibodi. Kuingia tulivua viatu. Ufunguo ulikaa mfukoni mwa Mkuu, na kila asubuhi ilinibidi nikauombe, nieleze nakwenda kufanya nini humo, na nitatoka saa ngapi. Mtu mzima mimi.

Lakini jamani, lile jedwali nililipenda. Juu unajaza unachokijua: mistari ya kioo, urefu wa lenzi, upana wa mwanya, pembe kati ya mwanga unaoingia na unaotoka. Chini linakujibu. Ukibadilisha namba moja juu, namba zote za chini zinahama papo hapo, bila kukuuliza cheo chako. Mimi nilizoea ofisi ambamo swali linakwenda masijala na kurudi baada ya wiki tatu limeandikwa 'tuzungumze'. Hiki kitu kilikuwa hakina hata adabu ya kunichelewesha. Nikibana mwanya, linaniambia rangi zitatengana vizuri ila mwanga utapungua. Nikiupanua, mwanga tele, rangi zimeshikana. Mtaalamu alinifundisha siku nne. Siku ya tano nilimwonyesha kosa lake moja kwenye jedwali, akaomba radhi, na safari hii alikuwa na sababu. Kisha akapanda ndege akaenda zake.

Nikabaki na jedwali, na kilichonisumbua zaidi kilikuwa ule mwinamo wa kioo. Kioo hakikai wima tu. Lazima kiinamishwe kiasi chake ili rangi tunazozitaka ziangukie katikati ya filamu. Mtaalamu alikuwa ameniambia nitafute kijani, ambayo jedwali linaitambua kwa namba 550. Nikajaza ishirini na tano, likanipa 451. Hiyo ni buluu. Nikajaza thelathini, likanipa 534, nikajua nimekaribia. Nikajaza thelathini na moja. Likanipa 550, pale pale penyewe. Nikajipigia makofi humo chumbani, peku, feni inanipepea, nikajiona mwanamke wa maana.

Nikachapa karatasi. Juu kabisa kuna mahali pa jina la mbunifu, nikaweka langu. Chini yake, kwa vile nilikuwa nimebana ile safu, likafuata neno digrii, na mbele yake 31. Nikaipeleka masijala iende kwa Mkuu kuidhinishwa, kama utaratibu ulivyo. Nikaenda kunywa chai.

Siku ya tatu nikaitwa. Nikamkuta Mkuu ana rundo la fomu za kupunguza watu mezani, na karatasi yangu imo humohumo katikati yake. Katibu muhtasi alikuwa kwenye kona anapiga taipureta.

"Mama, kaa." Nikakaa. "Wewe una elimu gani?"

"Cheti cha ufundi, Mkuu."

"Na kwenye fomu umeandika huna digrii."

"Sina, Mkuu."

"Sasa hii nini?" Akaigeuza ile karatasi, kidole chake kikiwa chini ya jina langu. "Jina lako hili. Digrii thelathini na moja. Thelathini na moja, Mama! Hata maprofesa hawana. Umezinunua wapi, mnadani Msalato?"

Nikacheka. Hilo likawa kosa langu la pili.

"Mkuu, hizo si zangu. Ni za kioo."

"Kioo kina digrii?"

"Ndiyo, Mkuu. Thelathini na moja."

"Kioo kina digrii thelathini na moja," alisema taratibu, "na mimi nina mbili."

Taipureta ikanyamaza. Nikajua hapo nimeshaharibu, lakini nikaendelea kujitetea. Nikaeleza mwinamo kwa mikono miwili. Nikachukua kalenda yake ya mezani nikaiinamisha ili aone. Akaichukua, akaisimamisha wima mahali pake, akaninyooshea kiganja ninyamaze. Akasema wafadhili wameandika kwamba mbunifu awe mtu mwenye sifa, na mimi namdhalilisha mbele yao kwa kujipa elimu ya kuokota. Akashika kalamu. Jina langu akalikata kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika lake. Ile 31 akaikata, akaandika 2. Akasaini, akagonga muhuri, akanirudishia.

"Tusiwadanganye wafadhili, Mama. Tuandike ukweli."

Nilirudi kwenye chumba cha kompyuta, nikavua viatu, nikajaza 2 mahali pa 31. Nilitaka tu nione. Jedwali likanipa 37. Huo ni mwanga ambao hakuna jicho linalouona, na lenzi zetu haziupitishi hata kidogo. Jedwali halikucheka wala halikushangaa, lilinijibu kama linavyomjibu kila mtu. Mimi ndiye niliyetukana, tena kwa Kigogo, na maneno hayo mama hakunifundisha yeye.

Sasa utaniuliza, si ungerudi ukamweleza tena? Wewe hujakaa serikalini. Kwetu karatasi ikishagongwa muhuri imekwisha. Ikisema jua linachomoza Singida, basi jua lijitafutie njia ya kufika huko. Na yule aliyesaini ndiye aliyekuwa anapeleka majina ya orodha. Nikikaa kimya na kutengeneza boksi la digrii mbili, maabara inafungwa na mimi naondoka. Nikibishana, naondoka mapema zaidi. Nilikaa wiki nzima sili vizuri.

Boksi nilikuwa nimepanga liwe la mbao za mninga, na fundi seremala tuliyemtegemea alikuwa na banda lake nyuma ya soko. Nikampelekea ile karatasi yenye muhuri, kwa sababu bila muhuri asingelipwa. Akaiangalia muda mrefu huku penseli iko sikioni.

"Mama, hapa kwenye kibao cha kuegemeza kioo. Digrii mbili ndiyo nini?"

"Unadhani ni nini?"

"Kama ni nyuzi, nyuzi mbili si pembe hiyo. Hiyo ni mbao imepinda kwa jua." Akafungua kisanduku chake, akatoa kipimapembe cha plastiki cha watoto wa shule, akaniwekea mbele. "Nionyeshe hapa."

Nikamuuliza kama kwake nyuzi na digrii ni kitu kimoja. Akacheka, akasema yeye ameishia darasa la saba, huko walisoma nyuzi. Digrii ni za wasomi.

Loh! Nilitamani kumkumbatia yule mzee na vumbi lake la randa. Neno lilikuwepo siku zote, nimelisoma mwenyewe shuleni, nikalisahau kwa kukaa na wakubwa.

"Basi nisikilize vizuri," nikamwambia. "Digrii ni mbili. Hizo ni za Mkuu, ziache hapo kwenye karatasi, usiziguse. Nyuzi ni thelathini na moja."

Akaitoa penseli sikioni, akaandika 31 kwenye ubao wenyewe, upande wa chini usioonekana. Karatasi ikabaki safi na muhuri wake. Hakuna amri ya mtu iliyovunjwa.

Tulitengeneza kwa wiki sita. Ule mwanya nilitumia nyembe mbili mpya za kunyolea zilizotazamana, katikati nikapimia kwa karatasi ya sigara. Ndani tukapaka rangi nyeusi ya ubao wa shule, mikono miwili, ili mwanga usirukeruke. Vumbi la Dodoma nalo lilitaka kushiriki, na kila upepo ulipovuma nilifunika lenzi kwa khanga yangu. Yule fundi alikuwa anapiga randa na kusimama, anapima na kipimapembe cha watoto, anapiga tena. Sijawahi kufanya kazi na mtu makini kama yule, na nimefanya kazi na watu wenye digrii.

Mtaalamu alirudi kama alivyosema. Siku hiyo Mkuu alivaa suti, na tukapangwa chumbani kwa vyeo, mimi karibu na mlango. Mahali pa filamu nilikuwa nimeweka kioo chenye ukungu ili kila mtu ajionee kwa macho. Nikawasha kijiko cha spiriti mbele ya mwanya, nikarushia chumvi kidogo ya kupikia, chumvi niliyopewa na mama Chamwino nilipokwenda kumsalimia. Alikuwa ameniuliza ile mashine inapika nini, nikamwambia inapika rangi. Akanifungia chumvi kwenye kipande cha gazeti, akasema basi isipike chapwa.

Vikatokea vistari viwili vya njano. Viwili, vimesimama pamoja na havigusani, vimenyooka kabisa. Mashine ya zamani ilikuwa inaonyesha kimoja kinene. Mtaalamu alipiga kelele kwa lugha yao, akaomba radhi, akapiga tena. Mimi machozi yalinitoka, na sikuyaficha.

Mkuu akasimama akatoa hotuba. Alisema haya ndiyo matunda ya elimu ya juu, na kwamba wapo waliobeza, lakini kwa digrii mbili tu, mbili ndugu zangu, mwanga umepatikana. Mtaalamu alikuwa ameshika ile karatasi. Akaisoma. Akainama akatazama kioo kilivyolala ndani ya boksi. Akaitazama tena karatasi, kisha akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari. Alifungua mdomo aseme neno, Mkuu akamshika mkono akamkaribisha kwenye sambusa.

Maabara haikufungwa. Baada ya mwezi ikaja barua kwamba itabaki na itaimarishwa, na kwa kuwa itaimarishwa, itaendeshwa na watumishi wenye digrii pekee. Jina langu lilikuwa kwenye orodha, la nne kutoka juu. Mkuu aliniita akanipa bahasha kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Si mimi, Mama. Ni vigezo."

Iliniuma. Siwezi kuizungushia maneno. Nililitengeneza lile boksi ili nibaki, boksi likabaki, mimi nikaondoka. Na nisingeweza hata kusema ukweli wangu, kwa sababu ukweli wangu ulikuwa kwamba nimepindua karatasi yenye muhuri, na hilo nalo lina adhabu yake.

Nilikwenda Chamwino nikakaa kwa mama wiki mbili, nakula ugali wa uwele kwa mlenda na kujisikitikia. Mama Kiswahili chake ni cha kuhesabu, lakini anakitumia vizuri.

"Hiyo digrii," akaniuliza, "ni kitu gani? Watu wote mnalilia."

"Ni karatasi, mama."

"Na wewe si una karatasi?"

"Yangu fupi."

"Basi shona," akasema, akainuka kwenda kuangalia kuku zake. Sijui kama alimaanisha niiunganishe karatasi au nishone nguo, lakini kiinua mgongo kilipotoka nilinunua cherehani. Nikaiweka barazani pale Makole, mjini, nikaanza kupunguza magauni ya mitumba ya wanawake wa Kizungu ambao, kwa nilivyoona, walikuwa wanakula vizuri. Wao wakinipunguza mimi, na mimi nikipunguza viuno. Waliopita kutoka ofisini waliniuliza nafanya nini siku hizi. Niliwajibu bado niko na nyuzi zangu, wakadhani naongelea cherehani.

Miaka miwili ikapita. Siku moja mchana akaja binti mwenye miwani, amebeba faili, akasimama kwenye ngazi ya baraza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Gauni au suruali?"

Hakuwa na gauni wala suruali. Alikuwa mwajiriwa mpya wa maabara yetu, mwenye digrii ya fizikia, na digrii yake ilikuwa moja. Akafungua faili, akatoa karatasi yangu. Nikaitambua kabla haijafika mezani. Akaniambia amenipata kwa sababu jina lililokatwa bado linasomeka. Mkuu alikata kwa mstari mmoja tu, si nilisema?

Akanisimulia. Idara ilitaka boksi la pili kwa ajili ya ofisi ya kanda. Wakaliagiza kwa fundi mwingine, msomi, aliyefuata karatasi kama ilivyo: digrii mbili. Walipowasha hawakuona rangi hata moja. Kilichoonekana ni mstari mmoja mweupe, pembeni kabisa mwa kioo cha ukungu, unakaribia kudondoka nje.

"Kwa nini hamkulitazama boksi la kwanza?"

"Liko kwenye kabati ofisini kwa Mkuu, mama. Ni la kuonyesha wageni. Limefunikwa kitambaa cha kroshia."

"Na kompyuta?"

"Ufunguo anao yeye. Nilimwambia naona mwinamo hautoshi, akaniambia nisubiri na mimi nipate ya pili."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Nikaushika mkasi. Akaendelea: wakati huo wafadhili walikuwa wamempeleka Mkuu Ulaya kusoma, na mwezi uliopita amerudi na digrii ya tatu. Akaliitisha faili, akaona karatasi imepitwa na wakati, akairekebisha. Binti akaniwekea kidole mahali penyewe. Ile 2 imekatwa. Pembeni yake, kwa wino mpya, 3.

"Kioo tukakiinamisha upya kama karatasi inavyosema. Sasa tukiwasha hatuoni kitu chochote. Hata ule mstari mweupe umepotea."

Hapo sikuweza tena. Nilicheka mpaka mteja wangu aliyekuwa anajaribu sketi nyuma ya pazia akatoka nusu uchi kuuliza kuna nini. Maana jambo lenyewe ni sahihi kabisa, bwana! Kioo kikiwa karibu wima hakichambui rangi, kinarudisha tu mwanga mweupe kama kioo cha kujitazamia. Kwa digrii mbili ule mweupe ulikuwa bado unagusa ukingo. Kwa tatu ukatoka nje moja kwa moja. Mkuu alikuwa ameongeza elimu, na mwanga ukaisha.

Nilipomaliza kucheka, nikamtazama yule binti. Alikuwa hacheki. Naye alikuwa amepewa mwezi mmoja boksi lionyeshe rangi, la sivyo arudi kwao. Nikajiona mimi, miaka ile, peku kwenye kile chumba.

"Nyuzi thelathini na moja," nikamwambia. "Nenda kwa seremala wa nyuma ya soko, mwambie nimekutuma mimi. Anakijua kipimo."

Akaandika haraka. Kisha akaniambia kitu ambacho sikukitarajia. Alisema ataichapa upya ile karatasi, ufunguo akiupata, na mahali pa mbunifu ataweka jina langu. Na ataambatisha barua ya kuomba nirudishwe kazini, kwa kuwa maabara haina mtu anayeijua ile mashine.

"Mkuu hatakubali," nikasema.

"Acha nijaribu, mama."

Nisiwadanganye, moyo uliruka. Nilikuwa nimejiambia sitaki tena kusikia habari zao, kumbe nilikuwa nataka sana. Wiki zile mbili za kungoja jibu nilishona ovyo. Mkono wa kushoto niliuweka kulia, zipu nikaibandika kichwa chini, na bibi harusi mmoja wa Area C nusura aende kanisani na sehemu ya nyuma ikiwa mbele. Asubuhi nilikuwa nalitoa lile koti langu jeupe la maabara, nalikung'uta, nalitundika, nalikunja tena. Nikalipunguza kidogo kiunoni.

Binti akarudi siku ya Ijumaa. Safari hii alikuja anakimbia, miwani imeshuka puani. Boksi la pili linaona! Vistari viwili vya njano, amevihesabu mwenyewe. Nikamkumbatia na futi yangu shingoni, tukarukaruka pale barazani kama watoto. Kisha nikamuuliza kuhusu barua. Akaacha kuruka.

"Imerudi, mama," akasema. "Sikuweza kuielewa vizuri."

Akanipa faili. Karatasi ilikuwa mpya, safi, ina sahihi ya Mkuu na muhuri wa bluu. Mahali pa mbunifu lipo jina langu, halikukatwa. Chini yake, digrii: 31, nayo haikukatwa. Nilipitisha kidole juu ya ile namba mara mbili. Kwa mara ya kwanza karatasi ya serikali ilikuwa imesema ukweli kuhusu mimi, na imesainiwa.

Nikafunua ya pili, ile barua ya kuomba nirudishwe. Haikukataliwa. Pembeni, kwa mwandiko wake ule wa kuinamia kulia, Mkuu alikuwa ameandika: "Sina pingamizi. Aambatanishe vyeti vyote thelathini na kimoja."